Uzito wa Kiti cha Kushoto

Mume wangu alikuwa na gari la spoti, na gari lile lilikuwa na viti viwili tu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba mwanamke wa Homa Bay wa miaka ile alipandishwa gari la spoti, husema, lo, mwenzetu ulikula maisha. Sikula kitu. Nilikuwa mzigo, na sisemi hivyo ili nihurumiwe. Ndiyo kazi niliyopewa: nikae kwenye kiti cha kushoto niwe mzigo, fundi apate kunyoosha magurudumu.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Mume wangu alikuwa ofisa wa ushirika wa wakulima wa pamba, na gari hilo alilinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Lilikuwa la kijani, paa lake la turubai, na lilikuwa zima kabisa mpaka yeye alipolitia mkono. Alikuwa ameona picha za magari ya mashindano ya Ulaya, yale yanayotambaa karibu kulamba lami, akaamua la kwake nalo lilambe. Lami yenyewe hatukuwa nayo. Tulikuwa na changarawe, mawe, na ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha humvua mtu viatu. Alizikata springi hata hivyo. Gari likachuchumaa, naye akalizunguka akitabasamu, nami nikasimama mlangoni na mtoto kiunoni nikijiuliza nimeolewa na mtu wa namna gani.

Ukikata springi, magurudumu hayasimami wima tena. Yanalala. Vichwa vinaingia ndani na nyayo zinatoka nje, kama mtu aliyetanua miguu ili asianguke. Fundi aliita jambo hilo kemba. Kemba ikizidi, tairi huliwa upande wa ndani peke yake: nje unaona meno mapya kabisa, ndani ni kipara na nyuzi zimechungulia. Mume wangu alimaliza tairi za mbele haraka kuliko mtoto wetu alivyomaliza nguo zake. Kila zilipoisha nyumba nzima ilipata adhabu. Chai ilikosa sukari, uji ulikuwa mzito, na mimi nilikuwa mjinga.

Fundi mwenyewe alikuwa Kalasinga mzaliwa wa Kisumu, mwenye gereji yenye sakafu ya saruji pale Homa Bay, karibu na ziwa. Kijaluo alikiongea kutushinda, lakini mume wangu alitaka Kiswahili kitumike pale, maana Kijaluo, alisema, ni cha nyumbani na gari si la nyumbani. Fundi hakujali. Hakujali mambo ya watu hata kidogo, na sijapata kuona mtu aliyejali magurudumu namna ile. Alikuwa akimwaga maji kwenye saruji atazame yanakokimbilia, ili ajue sehemu iliyo sawa. Hapo ndipo gari liliposimamishwa. Kisha alitundika timazi, kamba yenye risasi nzito mwishoni, mbele ya gurudumu, akapima nafasi kati ya kamba na rimu juu, halafu chini. Akipata tofauti asiyoipenda, alipiga jeki, akalegeza bolti, akaongeza au akatoa vibati vyembamba vya chuma nyuma ya mkono unaoshika gurudumu. Akishusha gari, alilisukuma mbele na nyuma litulie, akapima upya.

"Gari tupu ni uwongo," alimwambia mume wangu siku ya kwanza. "Watu wakikaa inashuka, gurudumu inalala zaidi. Mimi nataka watu ndani."

Basi mume wangu akakaa kulia kwenye usukani, nami nikaketishwa kushoto. Jua lilikuwa limewaka, paa limekunjwa. Wanawake waliotoka kununua omena walipunguza mwendo ili watazame.

"Kaa katikati ya kiti," mume wangu aliniambia. "Usiegemee mlango. Na usipumue kwa nguvu hivyo."

"Mtoto analia."

"Mtoto hayumo kwenye hesabu. Mpe mdogo wako."

Mdogo wangu alikuwa amesimama kivulini mwa gereji, akampokea mtoto kwa mikono miwili. Habari zake nitazieleza hivi punde. Fundi aliinua kichwa kutoka gurudumuni akauliza swali la kazi tu, bila ubaya wowote.

"Mama amekula ama bado?"

"Huyu wakati wote amekula," mume wangu akajibu.

Watu walicheka. Vijana wa gereji walicheka, wauza omena walicheka, na mume wangu akatazama huku na huku kama mtu aliyepokea zawadi. Mimi nilitazama mbele kwenye kioo. Nilikuwa mnene, ni kweli, na sikuwa nimeona kwamba ni neno la kutangaza mpaka nilipolisikia likitangazwa.

Sasa mdogo wangu. Nilimtoa kwetu, upande wa Migori, baada ya kujifungua. Kwetu msichana aliyeolewa akipata mtoto, huletewa mdogo wake amsaidie kulea, na mimi nilimwomba mama anipe huyu kwa sababu yangu mwenyewe. Mimi shule ilinikatikia katikati. Posa ilipokuja, baba alifunga vitabu vyangu ndani ya sanduku kama nguo za marehemu. Nilitaka kuwa mwalimu. Nilitaka kwa njaa ambayo sijaisahau. Nikaapa kwamba mmoja wetu lazima ashike chaki, na kama si mimi, basi yeye. Kwa hiyo alilea mtoto asubuhi na kusoma mchana, nikauza mayai, nikauza njugu, nikashona vitambaa vya meza, na sikumwambia mtu yeyote ni vya nini. Alikuwa msichana mkubwa wakati huo, wenzake wengine wameshaolewa, mwembamba, mwenye shingo ndefu na maneno machache. Akapata nafasi chuo cha ualimu, huko juu kupita Kisii. Siku hiyo nililia jikoni na kusingizia moshi.

Mume wangu alimtania. Kwetu hilo ni jambo la kawaida, na hapa nataka nieleweke vizuri: shemeji ni mtu wa kutaniwa. Mwanamume humwita mdogo wa mkewe mke wangu, na msichana humjibu kwamba hataki kizee, na watu hucheka. Usipotania, wataona una kinyongo. Kwa hiyo alipoingia nyumbani na kusema, "Mke wangu mdogo yuko wapi, aniletee maji ya kunawa," hakuna aliyestuka. Mimi ndiye niliyecheka kwa sauti zaidi.

Baada ya kukalishwa gerejini mara kadhaa, nililalamika. Nilimwambia nina nyumba ya kutunza na sitaki tena kugeuzwa sinema ya wauza samaki. Alikubali upesi mno. Akanipeleka kwenye kituo cha kununulia pamba, wakulima wakiwa wamepanga foleni na marobota yao, akanipandisha kwenye mizani. Karani alisoma uzito wangu kwa ile sauti ya kuimba ambayo husomea pamba. Mkulima mmoja mzee, aliyedhani ni mchezo wa wenye nyumba, akauliza:

"Safi au fifi?"

Pamba safi ni ile ya daraja la kwanza. Fifi ni ile chafu, iliyopata madoa ya wadudu, ambayo bei yake humfanya mkulima atukane.

"Fifi," mume wangu akasema.

Nilishuka kwenye mizani mwenyewe. Hakuna aliyenipa mkono. Alichukua gunia langu la mahindi, akalijaza mchanga wa ziwani mpaka likafikia uzito ule ule, na kuanzia hapo gunia ndilo lililokwenda gerejini badala yangu, limefungwa kwa kamba kwenye kiti cha kushoto. Vijana wa gereji waliliita mikayi, ndiyo kusema mke mkubwa. Niliwahi kupita pale nikitoka sokoni nikawasikia wakiambiana, "Mpakue mikayi polepole, asitoboke." Nilimchukia mume wangu siku hiyo. Sitafuti neno laini zaidi.

Halafu akanigeuzia upande mwingine. Chuo kilipokaribia kufunguliwa, nilikuwa najiuliza nitampelekaje mdogo wangu na sanduku lake, naye akasema wakati wa chakula, bila kuombwa:

"Nitampeleka mwenyewe kwa gari. Tutapita Migori kwanza, awaage wazee, halafu nimfikishe chuoni. Mwalimu haendi kwa lori la samaki."

Nilimshukuru. Nilimshukuru na kupiga goti! Akasema tairi za mbele ni mpya na hataki ziharibike kwenye barabara ile, kwa hiyo fundi atazipanga upya kwa uzito wa msichana. Tukaenda wote kwenye mizani ya pamba. Mdogo wangu alipanda na viatu vyake vipya ambavyo mume wangu alimnunulia kwa ajili ya chuo, karani akaimba uzito wake, na safari hii karani mwenyewe ndiye aliyeuliza kama ni safi au fifi.

"Safi," mume wangu akasema. "Safi kabisa."

Tukacheka, kwa sababu alikuwa shemeji yake. Mdogo wangu alificha uso kwa kanga. Mchanga ulipunguzwa kwenye gunia, mwingi, na nikautazama ukimwagwa chini nikafurahi, kwani kila kitu kilichofanywa kwa ajili ya safari ile kilinifurahisha. Hata ng'ombe wetu walipotolewa zizini wiki hiyo na mashemeji zangu, nikaambiwa wanapelekwa kwenye majani mazuri zaidi, sikuwa na nafasi kichwani ya kuulizia ng'ombe. Nilikuwa napiga pasi.

Waliondoka asubuhi. Sanduku la bati lilifungwa nyuma kwa kamba. Mdogo wangu alimbusu mtoto, akanishika mkono muda mrefu, akaniambia kwa Kijaluo kwamba mshahara wake wa kwanza utakuwa wangu. Nikamwambia asiseme upuuzi, aangalie masomo. Gari lilikwenda chini chini, likikwepa mawe kama jogoo anayetembea topeni, na magurudumu ya mbele yalisimama wima sawasawa. Hata mimi niliona uzuri wake.

Kesho yake nilikwenda gerejini kulidai gunia langu. Mahindi yalikuwa yakinisubiri sakafuni. Fundi alikuwa anakunywa chai, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alionekana kutaka mazungumzo. Alikuwa anaionea fahari kazi yake.

"Gari ilitembea namna gani? Haikuvuta upande?"

"Ilitembea vizuri," nikamwambia. "Bwana atarudi peke yake kesho kutwa, utamuuliza mwenyewe."

Aliweka kikombe chini.

"Peke yake? Hapana, mama. Mimi niliuliza. Kama mtu anaenda na mwenzake na anarudi yeye moja, gurudumu ya kushoto siwezi kuweka ya watu wawili, itakula tairi kwa kurudi. Inabidi naweka katikati. Nikauliza Bwana, kurudi ni wangapi? Akasema wawili. Kwenda wawili, kurudi wawili."

"Kurudi kutoka chuoni?"

"Chuo gani? Yeye alisema Migori. Mpaka Migori, halafu hapa. Nikaweka hiyo." Akaonyesha kwa viganja vyake viwili jinsi gurudumu linavyosimama. "Imekaa kabisa."

Nilisimama pale na gunia mkononi. Mtu anayepelekwa chuoni habebwi kurudi. Vikaja vyote kwa pamoja, viatu, mizani, ng'ombe waliofuata majani, na kile kicheko chetu sote. Fundi aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia ndiyo, nikatoka, na gunia nikaliacha huko huko.

Nilimfunga mtoto mgongoni nikapanda lori la samaki lile ambalo halikumfaa mwalimu. Njia nzima nilijiambia bado kuna nafasi. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Mimi nilifunga ndoa madhabahuni, kwa pete, mbele yake, na mume wangu aliapa mke mmoja. Nilijiambia baba atawafukuza ng'ombe na fimbo yake mwenyewe. Nilipanga maneno ya kumwambia, nikayapanga upya.

Nilipofika kwetu, ng'ombe walikuwa zizini mwa baba. Nilimtambua yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika, niliyekuwa nikimkamua mwenyewe. Langoni walikaa ndugu wawili wa baba, wameshiba, wakanisalimu kwa furaha na kuniuliza habari za njiani. Nikauliza baba yuko wapi. Wakasema amekwenda kuwaonyesha vijana wachunga ng'ombe mto wa kunyweshea.

Gari lilikuwa limeegeshwa kando ya ghala. Mume wangu alikuwa amepiga magoti mbele yake, mkono ameupitisha nyuma ya gurudumu la kushoto, anapapasa tairi kwa kiganja. Aliponiona hakustuka. Nadhani alikuwa amefurahi kupata mtu wa kumwonyesha.

"Shika hapa ndani," aliniambia. "Njia yote ile ya mawe, haijaliwa hata kidogo."

Nilimpita. Nilimkuta mama nyuma ya nyumba, anapepeta mtama, na nikayasema yote niliyoyapanga, kwa sauti, bila mpangilio wowote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuacha kupepeta.

"Nyathina," akasema, mwanangu. "Mume wako alikuja hapa akatwambia anataka mke wa pili. Wewe ulitaka amlete nani? Mwanamke wa Kisumu mwenye kucha nyekundu, akufukuze wewe na mwanao? Huyu ni damu yako. Mtapika pamoja, mtalea pamoja. Mimi nimekutafutia amani."

"Na chuo, mama? Nimeuza mayai miaka."

"Anajua kusoma. Anajua kuandika. Anataka kujua nini kingine?"

"Yeye amesema nini?"

Ungo ukasimama. Mama alitazama mtama wake.

"Hajaambiwa," akasema. "Baba yako alisema mama ndiye amwambie. Mimi nikasema ngoja. Sasa umefika. Mwambie wewe, wewe ndiye mkubwa wake."

Nilitaka kumpiga mama yangu. Nasema hivyo nilivyo mzee sasa, na yeye yuko kaburini, na bado nataka. Nilitaka kumshika mdogo wangu mkono tutoroke kupitia shambani, lakini baba wadogo walikuwa langoni, na mtoto mgongoni alikuwa ameanza kulia njaa, na ng'ombe walikuwa wameshalala zizini mwetu usiku mmoja. Nilijua vizuri ng'ombe waliolala maana yake ni nini.

Alikuwa chumbani mwa mama, ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa tayari, sanduku liko miguuni. Aliponiona aliruka akanikumbatia pamoja na mtoto.

"Dada! Umekuja kuniaga tena?" Kisha akashusha sauti. "Shemeji hasemi tunaondoka saa ngapi. Tangu jana. Chuo kinafunguliwa kesho, watampa mtu mwingine kitanda changu."

Nikamketisha, nikakaa kando yake. Nikamwambia. Nilitumia maneno machache, sikuwa na mengine. Nilimwambia ng'ombe walioko zizini ni wa mahari yake, nikamwambia baba amewapokea, nikamwambia chuo hakuna.

Alinisikiliza akiwa ameushika mguu wa mtoto wangu. Hakulia. Nilitamani alie, nilitamani anitukane, anitemee mate, nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Nje nilimsikia mume wangu akimweleza mmoja wa baba wadogo juu ya kemba.

"Nitalala nyumba gani?" mdogo wangu akaniuliza.

"Yangu," nikamwambia. "Mpaka ya kwako ijengwe."